Bwawa Lisilo na Mlango

Siku tulipoanua matanga ya baba, shangazi yangu aliniachia kazi ya kusafisha ghala. Nje, chini ya turubai, wazee wa kanisa walikuwa bado wanamsifu marehemu, mmoja akimaliza mwingine anadakia. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya magunia ya kakao, navuta bomba lake la zamani la kupulizia dawa, lile la kubeba mgongoni, mkanda wake umekatika. Nikafungua kifuniko bila kufikiri. Harufu ilinipiga usoni: vitunguu saumu vilivyooza, vimechanganywa na mafuta ya taa. Miaka yote hiyo ilikuwa imekaa mle ndani, haijaenda popote.

Nilikaa chini sakafuni. Shangazi aliponikuta hivyo akadhani namlilia baba. Akanishika bega, akasema, "Lia, mwanangu. Alikuwa mtu mwema."

Sikumbishia. Alikuwa mtu mwema kweli. Hakuwahi kumpiga mama, hakunywa pombe, na mgonjwa yeyote pale Makwale aliyehitaji kubebwa hadi zahanati, baba alikuwa wa kwanza kushika machela. Ningekuwa na baba mkatili, jambo ninalotaka kulisimulia lingekuwa jepesi kulibeba.

Shamba letu lilikuwa na kakao na migomba upande wa juu, mpunga upande wa chini, na katikati palikuwa na bwawa. Halikuwa kubwa, mtu mzima angeweza kurusha jiwe likatua ng'ambo. Pembeni lilizungukwa na matete marefu kuliko mimi, na katikati yalielea mayungiyungi ambayo mimi na rafiki yangu Lusungu tulikuwa tukiyavuta kwa kijiti ili tujivike shingoni. Hapakuwa na mto ulioingia wala mto uliotoka. Baba alizoea kusema, "Hili bwawa halina mlango. Maji yake yamezaliwa hapa, yatafia hapa." Mimi niliona fahari kuwa na maji yetu wenyewe, yasiyokuwa na safari, kama kuku aliyefungwa kamba mguuni.

Kiangazi bwawa lilikauka likabaki tope lenye nyufa. Ungechimba na fimbo usingepata hata kiluwiluwi. Halafu mvua zikinyesha wiki mbili tatu, kambare hao hapo, weusi, wanateleza kati ya matete, wengine urefu wa mkono wangu. Nilikuwa na maelezo yangu: kambare huanguka na mvua. Lusungu alikataa. Yeye alisema wanatoka ziwani, wanapanda kwenye majani yenye maji, usiku na mchana, mpaka wanafika. Mama yake ndiye aliyemwambia, kwa sababu alikulia kando ya mto Songwe, upande wa Malawi, na kule watu huwategea mitego wakiwa njiani. Nilimcheka Lusungu mpaka akanuna. Ziwa lilikuwa mbali, mtu angetoka asubuhi akafika jua limesimama utosini. Samaki apande kwa miguu gani?

Mama Lusungu alikuwa mjane. Mumewe, mtu wa kwetu, alikuwa amemwoa ng'ambo akamleta Makwale, kisha akafa kwa homa, akamwachia binti mmoja na kiwanja chini ya mashamba yetu, jirani na kisima. Lugha yao ya Kingonde na Kinyakyusa chetu ni ndugu, lakini alikuwa na namna yake ya kuvuta maneno, na watu waliigiza mvuto huo akishapita. Mwaka ule ndugu zake wa ng'ambo walimletea bati, akaezua nyasi. Katika nyumba zile tisa zilizochota kisima kimoja, ya kwake tu ndiyo iliyong'aa. Hata balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa bado analala chini ya nyasi. Nilikuwa na miaka tisa, na hata mimi nilisikia jinsi wanawake walivyolitamka neno bati.

Kilichotuleta mahali pabaya kilikuwa ni ukaguzi. Wanunuzi wa kakao walikuwa wamesema watanunua ile isiyoguswa na dawa za viwandani peke yake, na watapita shamba kwa shamba kuangalia ghala. Atakayekutwa na dawa ataondolewa kwenye orodha. Baba ndiye aliyesimama kanisani kuwaeleza watu jambo hilo, akawasihi wawe waaminifu. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amepulizia kakao yake kwa siri, na chini ya kitanda cha ghala kulikuwa na makopo mawili yasiyofunguliwa na nusu debe la dawa ambayo tayari ilikuwa imechanganywa. Siku mbili kabla ya wakaguzi aliniita.

"Bupe, hizi kazimwage bwawani. Usizimwage mferejini wala mtoni, watu wanachota. Bwawani tu. Na usiguse kwa mikono."

Alikuwa anajali. Nataka lieleweke hilo. Alinifunga mifuko ya plastiki mikononi, akaikaza kwa kamba za mgomba, akanifungulia makopo yeye mwenyewe.

Nilikwenda mara tatu. Dawa ilipogusa maji yaligeuka meupe kama maziwa, na weupe ule ukatembea taratibu ndani ya matete, ukikunja na kukunjua. Niliona ni jambo zuri kulitazama. Kisha vyura wakanyamaza. Wote, kwa mara moja. Halafu kambare wakaanza kupanda juu, wakizunguka kama watu walevi, midomo wazi, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikaacha kuhesabu. Jioni baba alikuja na jembe akawafukia, akaniambia tusiseme kwa mtu. "Bwawa halina mlango," alirudia, lakini safari hii alisema akiangalia mawingu.

Mvua ilianza kabla hatujamaliza kula. Wa Kyela wenzangu mnaijua mvua yetu ya masika, haitui, inamwaga. Ilinyesha usiku ule, ikanyesha kutwa, ikanyesha tena mpaka asubuhi ya pili. Tulikaa ndani tukisikiliza majani ya migomba yakipigwa. Sisi tulikunywa maji ya bomba lililokuwa karibu na kanisa, upande wa juu, kwa hiyo kwetu hapakutokea kitu.

Kule chini walianza kufa bata. Kisha mbuzi wa balozi. Kisha watu wakaanza kutapika, mate yakiwatoka bila kukoma, macho yamekuwa madogo kama punje. Tulisikia vilio tukiwa jikoni. Baba alichukua machela akakimbia, na alishinda siku nzima akibeba watu kwenye matope hadi zahanati. Aliwabeba sita. Wa saba alikuwa Gwakisa, mtoto wa balozi, mwenye umri wa miaka mitatu, na huyo hakuhitaji machela. Baba alimbeba mikononi, na walipofika mganga alimgusa mara moja tu akamfunika.

Gwakisa nilikuwa nimembeba mgongoni mara nyingi. Alikuwa na tabia ya kukushika sikio akiwa anasinzia.

Siku ya pili baada ya mazishi, asubuhi, balozi aliitisha kikao uwanjani kwake. Mama akanituma nikamwite baba, ambaye alikuwa ametoka mapema na jembe. Nilimkuta bwawani. Alikuwa ndani ya matope hadi mapajani, upande wa chini ambao sisi watoto hatukuwa tukiufikia kwa sababu ya nyoka, anakata udongo na kuushindilia. Mbele yake, katikati ya matete, palikuwa na mahali maji yalipokuwa yakipita. Hayakupiga kelele. Upana wake ulikuwa wa mlango wa nyumba, na nyasi zote pale zilikuwa zimelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Nilizifuata kwa macho: zililala kuelekea mpunga wetu, zikapita kati ya migomba ya jirani, zikaingia kwenye kijifereji nilichokuwa nikikiruka kila siku nikienda kucheza na Lusungu. Kijifereji kile kiliishia kisimani. Nilikuwa nimekijua maisha yangu yote, ila sikuwahi kujiuliza kinatoka wapi.

Baba aliinua uso akaniona.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, Baba."

Aliendelea kushindilia. Maji yalizuiwa pale, yakajaa kidogo, kisha yakapata njia nyingine hatua tatu pembeni, nyembamba kama kidole. Akahamia hapo. Yakatokea kwingine. Sikuwa nimewahi kumwona baba akishindwa na kitu. Hatimaye alitupa jembe, akanawa miguu, akasema bila kunitazama, "Wakijua, wataniua. Na wewe na mama yako mtakula wapi?"

Hakusema zaidi ya hapo. Hakuniambia niseme uongo. Nimejaribu kwa miaka mingi kukumbuka kwamba aliniambia, ili niwe na mahali pa kuliweka hili jambo, lakini hakuniambia.

Uwanjani watu walikuwa wamejaa. Mama Lusungu alikuwa amesimamishwa katikati, na Lusungu ameshika kitenge chake. Balozi alikuwa amekaa kwenye kigoda, macho mekundu, sauti imemkauka.

"Nyumba tisa tunachota kisima kimoja," alisema. "Nyumba nane zimeugua. Ya kwako imepona. Tuambie kwa nini."

"Tulikunywa maji ya bati, balozi," Mama Lusungu akajibu. "Mvua ilinyesha, nikaweka ndoo chini ya paa. Zikajaa."

"Ulijuaje usiende kisimani siku hizo?"

"Sikujua. Nani atayaacha maji yanamwagika mlangoni kwake, atoke kwenye mvua akachote mbali? Na nyie mngekuwa na bati mngefanya hivyohivyo."

Hili la mwisho hakupaswa kulisema. Watu walinung'unika. Lakini bibi mmoja aliyekuwa amekaa mbele, mama mzazi wa balozi, alitikisa kichwa akasema, "Maneno yake yana akili. Hata mimi ningekinga." Na nikaona, kwa macho ya mtoto anayeogopa, jinsi uwanja ulivyolegea. Mtu mmoja akasema labda tukaangalie kisima chenyewe, tukaangalie maji yake yanatoka wapi. Wawili watatu wakageuka kutazama juu, upande wa mashamba yetu.

Baba alikuwa amesimama kando ya balozi, kofia mkononi. Nilimwangalia. Vidole vyake vilikuwa vinazungusha kofia, na chini ya kucha zake kulikuwa na udongo mweusi wa bwawani.

Nikasema, "Mimi nilimwona."

Wote wakanigeukia. Balozi akaniambia nisogee, nisiogope.

"Ulimwona nani, Bupe?"

"Mama Lusungu. Alikuwa kisimani kabla ya mvua. Alimwaga kitu cheupe. Kama maziwa."

Sikulazimika kubuni sana. Nilichukua nilichokiona kwa macho yangu, nikabadilisha mtu na mahali. Labda ndiyo maana waliniamini haraka hivyo.

Mama Lusungu hakupiga kelele. Alinitazama tu, akiwa amekunja uso kidogo, kama mtu anayejitahidi kukumbuka alipoweka ufunguo. Lusungu ndiye aliyesema, "Bupe, mwongo wewe," na mwanamke aliyekuwa nyuma yake akampiga kofi la mdomo.

Yaliyofuata yalikwenda upesi. Walipanda kwenye paa wakang'oa bati kwa mikono na mashoka, na zilikuwa zikilia zikikunjwa. Walifyeka migomba yake. Mama yule wa kofi alichukua mchi wa kutwangia akampiga nao Mama Lusungu alipojikinga kichwa, na tuliokuwa karibu tulisikia mfupa wa mkono ukivunjika. Balozi akasema inatosha, asiuawe, arudi kwao. Wakamruhusu kuchukua mtoto na kifurushi kimoja, akakibeba kichwani kwa mkono mzima, ule mwingine ukining'inia. Wakashika njia ya Ngana kuelekea Songwe.

Sisi watoto tuliwafuata hadi kwenye daraja la miti, tukiimba wimbo ambao sitauandika. Wengine waliokota matope wakawarushia. Nami nilirusha. Nilirusha kwa sababu wenzangu walikuwa wananitazama, mimi niliyeona, kama vile nilipaswa kuwa wa kwanza. Donge langu lilimpata Lusungu mgongoni. Hakugeuka.

Jioni ile mama alichinja kuku. Nilimkuta akisonga ugali, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Uliona kweli?"

"Ndiyo, Mama."

Akaugeuza ugali kwa mwiko. "Basi usilirudie tena kwa mtu yeyote. Hata kwangu."

Tulipokaa kula, baba aliombea chakula, akachagua firigisi kwenye bakuli, ile ambayo nyumbani kwetu hakuna aliyeruhusiwa kuigusa isipokuwa yeye, akaiweka kwenye sahani yangu. Nikaila. Ilikuwa tamu, na nilijua nimelipwa.

Wakaguzi, waliokuwa wamecheleweshwa na mvua, walikuja wakaona ghala safi, wakamsifu baba mbele ya majirani. Kuhusu kisima, mvua zilizofuata zilikiosha. Mchungaji alikiombea, watu wakarudi kuchota, na hakuna aliyeugua tena. Huo ukawa ushahidi: tangu yule mwanamke aondoke, maji yamepona. Nilisikia hoja hiyo ikirudiwa sokoni, kanisani, shuleni, na kila aliyeisema aliiona haina tundu. Masika ya mwaka uliofuata kambare walitokea tena bwawani. Nilikwenda kuwatazama peke yangu, wakipenya kwenye zile nyasi zilizolala, wakija juu dhidi ya maji, na nikajua kwamba Lusungu alikuwa amesema kweli na njia anayopandia samaki ndiyo hiyohiyo maji yanayoshukia. Baba hakuacha kwenda kuziba. Kila mwaka, mvua za kwanza, alikwenda na jembe. Kila mwaka yalitoka pembeni. Alifanya hivyo mpaka magoti yalipomkataa, na jirani walisema mzee anapenda shamba lake.

Hatukuwahi kulizungumza. Siku zake za mwisho nilikaa naye, nikamlisha uji kwa kijiko, na mara mbili nilidhani anataka kusema. Mara zote mbili aliomba maji.

Nilipotoka ghalani siku ile ya matanga nilikuwa nimeamua kumtafuta Lusungu. Haikuwa vigumu kumpata. Wafanyabiashara wa mpakani wanajuana, na jina Lusungu, mwenye mama aliyevunjika mkono, lilinifikisha kwake kabla ya wiki mbili kwisha. Alikuwa akileta usipa mkavu Ipinda kila siku ya soko. Nilimkuta amekaa nyuma ya turubai lililojaa samaki, mwanamke mnene, mwenye kicheko kikubwa, anataniana na wateja. Nilisimama mbele yake mpaka kicheko kikaisha.

"Ndimi Bupe," nikasema. "Wa Makwale."

Aliendelea kupanga vikopo vya kupimia. "Nimekuona tangu uko pale kwa wauza nyanya. Unatembea kama mama yako."

Nilimweleza. Nilimweleza yote, nikiwa nimechuchumaa kando ya usipa wake, nikinyamaza kila mteja alipokuja na kuendelea alipoondoka. Makopo, bwawa, mvua, baba akiwa na jembe, udongo kwenye kucha. Sikujitetea kwa umri wangu. Nilikuwa nimeapa njiani kwamba sitajitetea.

Alipoona nimemaliza akapangusa mikono kwenye kitenge.

"Mama alishafariki," alisema. "Mkono haukuunga vizuri. Hakuweza tena kushika jembe, nikaacha shule nikalima mimi."

"Nisamehe, dada."

"Subiri. Hujasikia." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Asubuhi ile kabla ya mvua, Mama alisuuza ndoo kisimani. Ndoo moja, aliyokuwa amefulia. Basi aliishi na ndoo ile mpaka anakufa. Nilikuwa namwambia, Mama, wewe hukufanya kitu, yule mtoto alidanganya. Anakataa. Alikuwa akisema, Bupe alikuwa anakula kwangu, ananiita mama. Mtoto kama yule hawezi kunisingizia. Kama alisema aliona cheupe, basi ni povu la sabuni yangu, na ndani yake palikuwa na kitu, nami sikujua. Kila Jumapili alimwomba Mungu msamaha kwa kifo cha yule mtoto wa balozi. Amekufa akijua ni yeye aliyemuua."

Mama mmoja mwenye kikapu alikuwa amesimama nyuma yangu, anauliza kama usipa ni wa wiki hii.

"Wa juzi, mama, karibu," Lusungu akamjibu kwa sauti ya uchangamfu. Kisha akanigeukia mimi. "Pisha hapo. Unamzuia mteja."